KODI ZA NYUMBA NA FREMU ZA BIASHARA DAR ES SALAAM: KINGA YA MPANGAJI NI MKATABA WAKE

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wana maslahi yao katika Jiji la Dar es Salaam. Wapo wafanyabiashara wenye maduka ya nguo, vyombo na vipuri Kariakoo. Wapo watumishi wanaofanya kazi katika taasisi za Muungano, wanafunzi wa vyuo vikuu, na wagonjwa wanaolazimika kukaa karibu na hospitali kwa miezi kadhaa. Takriban wote hao ni wapangaji. Baadhi yao hurejea nyumbani na malalamiko ya namna moja: kodi imepandishwa ghafla, mlango umetiwa kufuli na bidhaa zimo ndani, au fedha za mwaka mzima zimelipwa kwa mtu ambaye baadaye imedhihirika kuwa si mwenye nyumba.

Malalamiko hayo aghlabu hufuatwa na suala moja: "Bodi ya kodi ya huko iko wapi?" Jawabu lake ni fupi, nalo ndilo msingi wa maelezo yote yafuatayo. Tanzania Bara haina tena chombo cha kupanga wala kuzuia kupanda kwa kodi za nyumba. Kodi ni ile waliyokubaliana mpangaji na mwenye nyumba, na kinga kubwa ya mpangaji ni karatasi aliyotia saini. Asiyekuwa na karatasi hiyo, au aliyeitia saini bila ya kuisoma, huingia barazani akiwa na mikono mitupu.

ARDHI SI JAMBO LA MUUNGANO

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imeorodhesha mambo ya Muungano katika Nyongeza ya Kwanza. Ardhi na nyumba hazimo katika orodha hiyo. Kwa sababu hiyo kila upande una sheria zake na vyombo vyake. Zanzibar ina Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nambari 12 ya mwaka 1992, na migogoro ya ardhi husikilizwa na Mahkama ya Ardhi iliyoanzishwa kwa Sheria Nambari 7 ya mwaka 1994. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ardhi Nambari 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001, pamoja na Sheria ya Mahakama za Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi Nambari 2 ya mwaka 2002.

Natija yake ni kwamba nyumba hufuata sheria ya pale ilipo. Mpangaji aliyezaliwa Wete, akapanga chumba Magomeni kutoka kwa mwenye nyumba aliyezaliwa Makunduchi, hawezi kuja kufungua shauri la chumba hicho Unguja. Kuwa wote wawili ni Wazanzibari hakubadilishi kitu. Kadhalika, mazoea ya Mjini Unguja, ambako wananchi wameijua bodi ya kodi kwa miaka mingi, hayavuki bahari pamoja na abiria.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo ni la Muungano na linagusa pango: kodi ya mapato. Hilo litaelezwa mahali pake.

UDHIBITI WA KODI ULIVYOKUWA NA ULIVYOONDOKA

Ugomvi wa kodi si jambo geni katika visiwa hivi. Katika miaka ya 1920 wakaazi wa Ng'ambo, ambao aghlabu walimiliki vibanda vyao lakini walikaa juu ya viwanja vya watu wengine, walipandishiwa kodi za viwanja. Mwaka 1928 waligoma kulipa, na mgomo huo ukawa mkubwa hata Serikali ya wakati huo ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kupanda kwa kodi hizo. Tangu hapo fikra ya kwamba dola ina wajibu wa kuingia kati baina ya mwenye mali na mpangaji imekaa katika nyoyo za watu wa Zanzibar.

Tanzania Bara nayo ilipita katika njia hiyo kwa muda mrefu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 majengo hayo yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ilitungwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Nambari 17 ya mwaka huo. Chini ya sheria hiyo mabaraza ya nyumba yalikuwa na uwezo wa kukadiria kodi, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji ila kwa sababu zilizotajwa na kwa amri ya chombo chenye uwezo.

Hali hiyo ilikwisha mwaka 2005, sheria hiyo ilipofutwa. Uchumi ulikuwa umefunguliwa, na hoja iliyoshika nguvu ilikuwa kwamba kodi iliyofungwa humvunja moyo anayetaka kujenga na kukarabati. Tangu mwaka huo soko ndilo linalopanga bei. Wazee waliowahi kupanga Dar es Salaam kabla ya hapo huwasimulia vijana wao habari za mabaraza ya nyumba, na vijana hao husafiri wakidhani kinga ile ingalipo. Ni vyema ifahamike kwamba imeondoka.

MKATABA WA MDOMO NA MKATABA WA MAANDISHI

Sheria ya Ardhi haikatai mkataba wa mdomo moja kwa moja. Pango la muda mfupi, yaani lisilozidi mwaka mmoja, linaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi. Tatizo haliko katika uhalali wake bali katika uthibitisho wake. Mwenye nyumba akisema kodi ya Januari hadi Juni haijalipwa, na mpangaji akisema ameilipa mkononi, baraza litauliza risiti. Kutokuwepo risiti wala shahidi, neno la mmoja hupambana na neno la mwenzake.

Waislamu wanaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni la muda maalumu liandikwe na lishuhudiwe. Amri hiyo haikuja kwa sababu watu ni waongo, bali kwa sababu binadamu husahau, hufa, na huacha warithi wasiojua yaliyosemwa. Katika pango la nyumba hekima hiyo huonekana waziwazi. Mzee aliyekubali kwa ihsani yake kwamba kodi haitapanda kwa miaka 3 akifariki dunia, wanawe hawafungwi na maneno wasiyoyasikia.

Endapo mkataba haukutaja muda, sheria hulihesabu pango kuwa ni la vipindi, na kwa kawaida kipindi hufuata namna kodi inavyolipwa. Anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anaweza kutolewa kwa ilani ya kipindi hicho. Vivyo hivyo, aliyemaliza muda wa mkataba wake akaendelea kukaa na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi, huwa amegeuka mpangaji wa vipindi. Kwa mwenye duka hili ni jambo la hatari. Mfanyabiashara aliyekaa miaka 10 katika fremu moja, akawa na wateja wanaomjua kutoka Lindi hadi Comoro, lakini mkataba wake ulikwisha mwaka wa pili na haukuandikwa upya, kisheria yuko katika hali ile ile ya aliyeingia jana.

Aidha, mpangaji asikubali kutia saini mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoifahamu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hakuna sababu ya wananchi wawili wanaopatana kwa Kiswahili kufungwa na karatasi ya Kiingereza.

WAJIBU WA KILA UPANDE

Hata pale mkataba ulipokaa kimya, Sheria ya Ardhi imeweka masharti ambayo huhesabiwa kuwa yamo ndani yake. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji atumie mahali pake kwa utulivu bila ya kubughudhiwa. Anawajibika pia kutunza paa, kuta kubwa na mifereji mikuu ya maji machafu, na nyumba ya kuishi iwe katika hali inayofaa kwa makaazi ya binadamu.

Mpangaji kwa upande wake anawajibika kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba kwa uangalifu, na kumruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa nyakati zinazofaa. Hana ruhusa ya kuhamishia pango kwa mtu mwengine bila ya idhini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba naye hapaswi kuizuia idhini hiyo bila ya sababu ya maana.

Wajibu wa kutunza jengo si wa kwenye karatasi tu. Tarehe 16 Novemba, 2024 jengo la ghorofa lililojaa maduka liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha na wengine wengi wakaokolewa kutoka chini ya kifusi. Msiba ule uliwakumbusha wote kwamba mpangaji hapangi kodi tu, bali huweka roho yake na za wafanyakazi wake katika jengo la mtu mwengine. Mpangaji anayeona nyufa mpya, au anayeona udongo unachimbwa chini ya jengo lenye watu, ana haki ya kuuliza na ana wajibu wa kutoa taarifa kwa maandishi kwa mwenye jengo na kwa halmashauri. Kusamehewa kodi ya mwezi si malipo ya kunyamaza.

Katika nyumba za kuishi, hususan zile za vyumba vingi vinavyotumia choo kimoja na uwanja mmoja, ugomvi mkubwa huanzia katika mambo madogo: mita moja ya umeme wa LUKU kwa wapangaji 6, ankara ya maji, na kujaa kwa shimo la choo. Mwenye friji na asiyekuwa na friji hawawezi kuchangia sawa bila ya mmoja kunung'unika. Jambo hili halitatuliwi na sheria bali na makubaliano yaliyoandikwa siku ya kwanza.

FREMU, KILEMBA NA MPANGAJI WA MPANGAJI

Pango la biashara lina mitego yake. Wa kwanza ni kilemba. Katika maeneo yenye biashara nzito mfanyabiashara huombwa, kabla ya kodi, atoe fedha ya kuipata fremu. Mara nyingine anayeomba ni mwenye jengo, mara nyingine ni mpangaji anayetoka. Fedha hiyo aghlabu hupita mikononi bila ya risiti na haitajwi katika mkataba. Fremu ikichukuliwa baada ya miezi 8, mpangaji huweza kudai kodi aliyolipa mbele, lakini kilemba hakina karatasi ya kukitetea. Ikiwa hapana budi kutolewa, basi kiandikwe: ni kiasi gani, kimepokewa na nani, kwa ajili ya muda gani, na kitarejeshwa vipi iwapo muda huo utakatishwa.

Mtego wa pili ni mpangaji wa mpangaji. Mtu hupokea fremu kutoka kwa mwenye jengo kwa bei moja, akaigawa kwa mbao au aluminiamu, na kuwapangisha wawili au watatu kwa bei nyengine. Wanaokaa ndani hawajawahi kumuona mwenye jengo. Mpangaji mkuu akikosa kulipa, au akiwa hakuomba idhini ya kupangisha, mwenye jengo hudai jengo lake na wale wadogo hutoka pamoja na mkubwa wao, hata kama wao wamelipa hadi senti ya mwisho. Kwa hivyo anayepokea fremu kwa njia hii aombe kuiona idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Bila ya idhini hiyo anajenga juu ya mchanga.

Mtego wa tatu ni jengo la mirathi. Majengo mengi ya Kariakoo na Ilala ni ya familia. Mzee akifariki, kila mtoto huja na daftari lake la risiti. Sheria inamtambua msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kuwa ndiye mwenye mamlaka juu ya mali ya marehemu. Mpangaji ana haki ya kuomba kuiona barua ya uteuzi kabla ya kulipa. Anayelipa kwa mtoto yeyote aliyetangulia kubisha hodi anaweza kulazimika kulipa mara ya pili.

Mtego wa nne ni matengenezo. Mpangaji hutia vigae, dari, madirisha na rafu za kujengewa kwa fedha yake, kisha duka linapopendeza kodi hupandishwa. Vitu vilivyoshikamana na jengo aghlabu hubaki na jengo isipokuwa mkataba umesema vyenginevyo. Kabla ya fundi kuitwa, iandikwe kama gharama hizo zitakatwa katika kodi, na nani atakuwa mwenye vitu hivyo mwisho wa pango.

Kuhusu fedha za kigeni, ilikuwa desturi kwa baadhi ya wenye majengo kutaja kodi kwa dola. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Mpangaji anayepewa mkataba wa dola aombe uandikwe kwa shilingi.

USHURU WA STEMPU NA KODI YA ZUIO

Mkataba wa pango hulipiwa ushuru wa stempu katika Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kiwango chake ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu kutiwa saini. Wapangaji wengi huuona ushuru huu kuwa ni mzigo usio na faida. Faida yake hujulikana siku ya ugomvi, kwani mkataba usiolipiwa stempu haupokewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake.

Jambo la pili ni kodi ya zuio, ambayo imo katika sheria ya kodi ya mapato. Anayepanga jengo kwa ajili ya biashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi anayomlipa mwenye jengo mkaazi wa nchini, akaipeleka Mamlaka ya Mapato na kumpatia mwenye jengo uthibitisho wa malipo. Fedha hiyo ni kodi ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Mpangaji ni mpitishaji tu.

Uchukuliwe mfano wa fremu ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Kodi ya mwaka ni shilingi 6,000,000. Ushuru wa stempu ni shilingi 60,000. Kodi ya zuio ni shilingi 600,000, na mwenye jengo hupokea mkononi shilingi 5,400,000. Hapa ndipo wengi wanapogombana, kwa sababu mwenye jengo husema anataka shilingi 6,000,000 kamili na mambo ya Serikali ni ya mpangaji. Akikubali hivyo bila ya kufahamu, kodi yake halisi imekuwa kubwa kuliko aliyodhani. Mkataba useme wazi kama kodi iliyotajwa ni kabla au baada ya zuio.

KUTOLEWA KATIKA NYUMBA AU DUKA

Kuchelewa kulipa kodi ni kosa la mpangaji, na mwenye nyumba ana haki ya kusitisha pango kwa sababu hiyo. Lakini haki hiyo ina utaratibu. Ilani ya maandishi hutangulia, ikieleza kosa na kutoa muda wa kulirekebisha. Sheria imelipa baraza na mahakama uwezo wa kumpa mpangaji nafuu, mathalan kwa kumruhusu alipe deni lake na aendelee kukaa, pale inapoonekana ni haki kufanya hivyo.

Nguvu na vitisho havimo katika utaratibu huo. Kung'oa mlango au bati, kukata umeme na maji, kutupa vyombo nje usiku, au kuzuia bidhaa za mpangaji kwa mkono wa mtu binafsi ni mambo yanayoweza kumgeuza mwenye nyumba kutoka mdai kuwa mdaiwa fidia. Ifahamike pia kwamba deni la kodi ni shauri la madai. Kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia kodi, na mpangaji hawi mhalifu kwa kudaiwa tu. Ikitolewa amri ya kumtoa mpangaji, hutekelezwa na dalali wa mahakama aliyeidhinishwa, anayebeba amri hiyo kwa maandishi.

Kwa insafu isemwe pia kwamba si kila mwenye nyumba ni dhalimu. Wengi wao ni wastaafu au wajane wanaoishi kwa kodi ya vyumba vyao viwili. Mpangaji anayekaa miezi 5 bila ya kulipa huku akitafuta zuio la mahakama kwa hila humnyima mtu huyo chakula. Sheria ni mizani ya wote wawili.

NJIA YA KUDAI HAKI

Mgogoro wa pango Tanzania Bara huanzia katika Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza hilo halina tena uwezo wa kutoa hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha. Lina siku 30 za kujaribu suluhu. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha kwamba suluhu haikupatikana, na siku hizo zikipita bila ya kulimaliza jambo, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele hata bila ya hati.

Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linaloongozwa na mwenyekiti akisaidiwa na wazee wa baraza. Hapo ndipo ushahidi unapotolewa: mkataba, risiti, ilani na mashahidi. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku hizo hazisubiri msafiri. Mpangaji aliyerudi Pemba kupumzika baada ya kushindwa anaweza kukuta mlango wa rufaa umefungwa.

Suluhu isidharauliwe. Shauri likipanda ngazi zote huchukua muda mrefu, na biashara iliyofungwa kwa muda huo aghlabu haifunguki tena, hata kama mwenye duka atashinda. Waliopatana mbele ya Baraza la Kata waandike mapatano yao na watie saini.

USHAURI KWA WANANCHI

Kutokana na maelezo hayo, mwananchi anayekusudia kupanga nyumba au fremu Dar es Salaam anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Athibitishe mwenye mali kabla ya kutoa fedha. Dalali anayeonesha nyumba na kuchukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake si mwenye nyumba, na kukabidhiwa funguo si uthibitisho wa umiliki. Majirani na ofisi ya serikali ya mtaa huwa na habari.

(b) Mkataba uandikwe kwa lugha anayoifahamu, nao utaje majina kamili, mahali, kodi, muda, tarehe ya kulipa, na urefu wa ilani kwa kila upande.

(c) Kifungu cha kupandisha kodi kiwemo: itapanda lini na kwa kiasi gani. Kwa kuwa hakuna chombo cha kuzuia bei, kifungu hiki ndicho kizuizi pekee.

(d) Kifungu cha kurefusha mkataba kiwemo, hususan kwa maduka, na barua ya kuomba kurefushwa ipelekwe kabla ya muda kwisha.

(e) Malipo yafanywe kwa njia inayoacha alama, ama benki ama simu, na risiti ichukuliwe kila mara. Kodi ya miezi 6 au mwaka mzima inayodaiwa mbele isilipwe bila ya mkataba kutiwa saini siku hiyo hiyo.

(f) Hali ya nyumba iandikwe siku ya kuingia: milango, vioo, mabomba na usomaji wa mita. Picha zihifadhiwe.

(g) Mkataba ulipiwe stempu kwa wakati, na nakala moja iachwe kwa jamaa nyumbani, isiwe ndani ya duka lile lile linaloweza kufungwa.

(h) Ilani yoyote ijibiwe kwa maandishi. Kunyamaza huhesabiwa kuwa ni kukubali, au angalau hutumiwa hivyo na upande wa pili.

Watumishi wa umma wanaohamia Dar es Salaam kikazi wana sababu ya ziada ya kuzingatia hayo. Uhamisho huweza kuja katikati ya mwaka, ilhali kodi imelipwa ya mwaka mzima. Mkataba usiotaja nini kitatokea mpangaji akihamishwa kikazi humwachia mwenye nyumba fedha yote. Sentensi moja inayosema kwamba baki ya kodi itarejeshwa kwa ilani ya mwezi mmoja inaweza kuokoa mishahara kadhaa.

Mwisho, wananchi wanakumbushwa kuwa haya yote yana gharama ndogo mwanzoni na hasara kubwa yanapoachwa. Kumwita mwanasheria asome kurasa 3, kulipa stempu ya shilingi 60,000, kumuomba mwenye nyumba atie saini mbele ya mashahidi wawili: hakuna katika hayo linalomvunjia mtu heshima. Mwenye nyumba mwema hatoona kuwa ni kutiliwa shaka. Naye anayekataa kuandika ametoa habari muhimu kabla fedha haijatoka mfukoni.